Padri Gus: Mtoto wa Utumwa Aliyefungiwa Milango ya Seminari



Leo nataka kuwasimulia maisha ya padri mmoja aliyefariki mwaka 1897. Ila itabidi nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo kosa huenda nisingemjua kabisa.

Miezi kadhaa iliyopita, kwenye kikundi cha vijana cha mtandaoni, nilipangiwa kujibu maswali ya imani. Dada mmoja anayesoma ng'ambo akauliza. Alieleza kwamba katika parokia anayosali huko, watu wamehama benchi alilokaa, tena siyo mara moja. Wakati wa kutakiana amani wanageukia upande mwingine. Alipomweleza kiongozi mmoja, akaambiwa kwamba anawaza kupita kiasi. Akaanza kusoma historia, akakuta kwamba Wakatoliki, mpaka watawa, walimiliki watumwa. Swali lake lilikuwa fupi: kwenye Kanisa hili, je, yeye ana nafasi, au anavumiliwa tu?

Basi mimi na shahada yangu ya falsafa nikaanza. Nikatofautisha kiini cha kitu na mambo yanayokiambata kwa nje. Nikaeleza kwamba Kanisa lenyewe ni takatifu, wakosefu ni wanakanisa. Kila sentensi ilikuwa sahihi, hata mwalimu wangu angenipa maksi. Yule dada akaandika asante frateri, na usiku uleule akatoka kwenye kikundi.

Nilichemka, jamani. Yeye alikuwa anatafuta mtu mmoja wa Kanisa wa kumsikiliza, mimi nikageuka wakili wa utetezi. Ndipo nikaanza kusoma, nikitafuta kitu cha kweli cha kumwambia, nikakutana na Augustus Tolton.

Mama wa ubatizo aliyemmiliki

Augustus Tolton alizaliwa tarehe 1 Aprili 1854 huko Brush Creek, katika jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake aliitwa Peter Paul Tolton, mama yake Martha Jane Chisley. Wote wawili walikuwa watumwa, na wote wawili walikuwa Wakatoliki, kwa sababu familia zilizowamiliki zilikuwa za Kikatoliki.

Mtoto alibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Petro hapo Brush Creek. Aliyesimama kama mama yake wa ubatizo ni mke wa mtu aliyemmiliki.

Naomba tusimame hapo kidogo. Yule mama alisimama mbele ya kisima cha ubatizo, akaahidi mbele ya Mungu kumsaidia mtoto huyu akue kama mwana wa Mungu. Ibada ikaisha, wakarudi nyumbani, na kwa sheria ya Missouri mtoto aliendelea kuhesabiwa kama mali, sawa na ng'ombe na jembe. Siku mwenye mali akizidiwa na madeni, mtoto angeweza kuuzwa.

Sisemi kwamba mama yule alikuwa na roho ya shetani. Inawezekana kabisa alimpenda yule mtoto kwa namna yake, na akamwombea. Ubaya wa jambo lenyewe ndio huo. Haukuhitaji mtu mwenye chuki ili ufanye kazi, kwa sababu sheria, mahakama, bei za sokoni na mazoea ya jirani vilishafanya kazi yote. Hiki ndicho tunachokiita ubaguzi wa kimfumo: ubaguzi uliojengwa ndani ya utaratibu wa kila siku, kiasi kwamba hata mtu mwema akifuata utaratibu tu anamwumiza mwenzake.

Na Kanisa halikuwa nje ya utaratibu huo. Mwaka 1838, Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikaenda kulipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Mwaka uliofuata, 1839, Papa Gregori XVI alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Wapo maaskofu wa Marekani walioisoma barua hiyo wakaeleza kwamba inahusu biashara ya kuvusha watu baharini, haihusu watumwa ambao tayari wako mashambani mwao. Unaona? Mafundisho yalikuwepo, na akili za kuyakwepa zilikuwepo pia.

Makasia ya Mama Martha

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, Peter Paul alitoroka akajiunge na jeshi la Kaskazini. Familia yake haikumwona tena, alifia hukohuko.

Mwaka 1862 Martha akaamua. Aliwachukua watoto wake watatu, Charles, Augustus na Anne aliyekuwa bado mchanga, wakatembea mpaka mji wa Hannibal, kando ya mto Mississippi. Hapo nusura warudishwe utumwani, lakini askari wa Kaskazini waliwasaidia kupata mtumbwi chakavu. Martha hakuwa mvuvi wala baharia. Alishika makasia akavuka mto ule mpana na watoto watatu, na inasimuliwa kwamba risasi zilirushwa kutoka ng'ambo waliyoiacha. Walipofika upande wa Illinois, ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku, aliwaambia wanawe kwamba sasa wako huru, na kwamba wasisahau kamwe wema wa Mungu.

Mimi nikisoma hapa huwa najiuliza Martha aliitoa wapi imani hiyo. Ukristo alifundishwa na watu waliommiliki. Angeweza kuutupa mtoni pamoja na minyororo. Badala yake alifanya jambo gumu zaidi: alimtofautisha Mungu na watu waliomtumia jina lake. Hakusoma falsafa, na tofauti ile niliyoieleza mimi kwa maneno marefu, yeye aliivusha mto kwa mikono yake.

Shule iliyoogopa mtoto mmoja

Walikaa Quincy, Illinois. Martha na watoto wakafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku, wakitengeneza sigara. Muda si mrefu Charles akafariki, bado mtoto.

Augustus alitaka kusoma. Akaandikishwa katika shule ya parokia. Wazazi weupe wakachachamaa. Palikuwa na matusi, palikuwa na vitisho, wengine wakasema wataondoa watoto wao na michango yao. Baada ya muda mfupi mtoto akaondolewa. Tena tuangalie vizuri: pale Illinois hapakuwa na mtumwa, na sheria ya Missouri ilibaki ng'ambo ya mto. Mtoto alikuwa huru na alikuwa Mkatoliki, ila benchi la darasa halikuwa lake. Parokia iliogopa kupoteza waumini na sadaka, na hofu hiyo ndiyo iliyoamua nani asome.

Halafu akatokea padri Mwayalandi, Peter McGirr, paroko wa Mtakatifu Petro mjini hapohapo. Huyu alimwandikisha Augustus katika shule ya parokia yake. Malalamiko yakaja, kama kule kwa kwanza. Tofauti ni kwamba McGirr hakurudi nyuma. Alihubiri, alisimamia uamuzi wake, na mtoto akasoma. Kijana alikuwa akifanya kazi kiwandani na kusoma kwa nafasi, akamaliza shule mwaka 1872 akiwa na miaka 18.

Mji mmoja, imani moja, miaka ileile. Parokia moja ilisema haiwezekani, nyingine ikafanya. Kwa hiyo tukisikia watu wakisema kwamba zamani ndivyo mambo yalivyokuwa na hakuna aliyejua, tumkumbuke McGirr. Alikuwepo aliyejua, na alitenda.

Hatuko tayari

Huyu kijana alitaka kuwa padri. Mapadre wa Quincy waliomfahamu walimfundisha Kilatini na masomo mengine, na Wafransisko wakampokea katika masomo ya chuo chao. Zikaandikwa barua kwenda seminari za Marekani. Majibu yakarudi: hakuna iliyokuwa tayari kumpokea mwanafunzi mweusi.

Mimi ni mseminari, kwa hiyo sehemu hii inanigusa mahali pabichi. Nakumbuka siku nilipopata barua ya kukubaliwa, mama alivyopiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Waliangalia matokeo yangu ya shule, barua ya paroko, cheti cha ubatizo na cha kipaimara. Hakuna aliyeuliza ngozi yangu. Tolton alikuwa na vyote hivyo na zaidi, na barua zake zilikwama kwenye kitu ambacho hakuna sakramenti inayoweza wala inayotakiwa kukibadilisha.

Wapo mapadre wawili watatu wenye damu ya Kiafrika waliokwisha kupadrishwa kabla yake. Ndugu wa familia ya Healy, ambao baba yao alikuwa Mwayalandi na mama yao mtumwa, walikuwa mapadre, na James Augustine Healy akawa askofu wa Portland mwaka 1875. Lakini hao walionekana na wengi kama Wayalandi, na milango ikafunguka. Tolton alikuwa mweusi ambaye hakuna mtu angeweza kujifanya hajaona. Ndiyo maana anahesabiwa kuwa padri wa kwanza wa Marekani aliyejulikana na wote kuwa mtu mweusi.

Seminari za nyumbani zilipogoma, Roma ikafungua. Kwa msaada wa Wafransisko na mapadre rafiki zake, mwaka 1880 alipokelewa katika chuo cha Propaganda Fide, kinachoandaa mapadre wa nchi za misioni. Alisoma huko miaka sita. Kila mtu, na yeye mwenyewe, alijua atatumwa Afrika. Alijiandaa kwa ajili yetu, ndugu zangu. Huenda angekuwa mmoja wa wamisionari wa mababu zetu.

Alipadrishwa tarehe 24 Aprili 1886, Jumamosi Kuu, katika Basilika la Mtakatifu Yohane wa Laterano, akiwa na miaka 32. Kesho yake, Dominika ya Pasaka, aliadhimisha Misa yake ya kwanza katika Basilika la Mtakatifu Petro. Mtoto aliyeondolewa darasani Quincy akasimama altareni mahali alipozikwa Mtume Petro.

Lakini Afrika hakwenda. Kardinali Simeoni, mkuu wa Propaganda Fide, alikataa ushauri wa wale waliodhani Marekani haiwezi kumpokea, akaamua arudishwe nyumbani kwao. Kama Marekani ilijiona nchi iliyostaarabika, basi imwone padri mweusi na ijipime. Tolton alikuwa ameapa kwenda popote atakapotumwa, na akatii. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Juni mwaka huohuo, wengi wa Mashahidi wetu wa Uganda walichomwa moto kule Namugongo. Mwaka mmoja, vijana weusi wa imani moja: hawa wakiipokea kwa moto, huyu akirudi kuihubiri kwa watu waliokwisha kumkataa.

Kurudi kwa waliokukataa

Julai 1886 Quincy ilimpokea kwa shangwe, watu weusi na weupe pamoja. Akawekwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Yosefu, kwa ajili ya watu weusi. Alikuwa na sauti nzuri, alihubiri vizuri, na alisikiliza watu. Watu wakamwita Padri Gus. Hata Wajerumani na Wayalandi wakaanza kuja kwenye Misa zake na kutoa sadaka zao pale.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Padri mmoja mwenye madaraka mjini, ambaye parokia yake ilikuwa na madeni, hakufurahi kuona waumini weupe na sadaka zao wakihamia kwa padri mweusi. Tolton akaambiwa awahudumie watu weusi tu. Huku wachungaji Waprotestanti wa watu weusi nao walimpinga kwa kuogopa kupoteza waumini. Akabanwa huku na huku, kama nafaka kati ya mawe ya kusagia.

Katikati ya hayo, Januari 1889, alikwenda Washington. Daniel Rudd, mwandishi wa habari Mkatoliki aliyezaliwa naye utumwani mwaka uleule wa 1854, alikuwa ameandaa kongamano la kwanza la Wakatoliki weusi wa Marekani. Tolton ndiye aliyeadhimisha Misa. Wajumbe walizungumza bila kuzunguka: shule ambazo watoto wao hawapokelewi, vyama vya wafanyakazi vinavyowabagua, nyumba wanazonyimwa kupanga. Hawakuhama Kanisa ili waseme hayo. Walikaa ndani yake, wakaanza na Misa, kisha wakayataja mambo kwa majina yake. Ukiniuliza mazungumzo ya kweli kuhusu ubaguzi yanafananaje, nitakuonyesha kikao hicho.

Mwishoni mwa mwaka huo Tolton alihamia Chicago. Kule Wakatoliki weusi walikuwa wakisali chini ya kanisa la watu wengine, katika chumba cha ghorofa ya chini. Akaanza kuwajengea kanisa lao, la Mtakatifu Monika. Mtakatifu Katharine Drexel, aliyekuwa na urithi mkubwa na akautumia kwa ajili ya watu weusi na wazawa wa Marekani, alimsaidia kwa fedha. Kanisa lilianza kutumika likiwa halijakamilika, na hakuna siku aliyoishi kuliona limekamilika. Alizunguka vichochoroni, kwenye vibanda vya maskini, akiwapaka wagonjwa mafuta na kuwatafutia watu chakula. Mama Martha alikuwa hai, akaishi naye pale na kumtunza. Hebu fikiria mama yule aliyeshika makasia akimsikiliza mwanawe akiimba Misa.

Lakini padri huyu alikuwa mpweke na alikuwa anachoka. Kuwa wa kwanza maana yake kila mtu anakutazama, na hakuna mbele yako wa kumwuliza njia. Afya ikaanza kumsaliti. Julai 1897 Chicago ilikumbwa na joto kali. Akirudi kutoka mafungo ya mapadre, alianguka barabarani, na tarehe 9 Julai akafariki hospitalini. Alikuwa na miaka 43. Alizikwa Quincy, alivyotaka mwenyewe, katika mji uliomfukuza na kumpenda kwa wakati mmoja.

Mwaka 2010 Kardinali Francis George wa Chicago alitangaza kuanza kwa mchakato wake wa utakatifu. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliidhinisha tamko linalotambua fadhila zake za kishujaa, hatua inayotangulia kutangazwa Mwenye Heri.

Alichonifundisha

Kwanza, Tolton amenitoa katika uongo wa kuchagua kimoja. Watu wengine wakisikia ubaguzi umetajwa, wanakimbilia kulitetea Kanisa. Wengine wakiuona, wanahitimisha kwamba Kanisa lote ni uongo. Yeye alibaki, wala hakusema uongo kwamba haumii. Katekisimu katika namba 1869 inazungumzia miundo ya dhambi, ambayo huzaliwa na dhambi za watu kisha huwavuta wengine kutenda mabaya. Kwa hiyo kuutaja ubaguzi wa kimfumo si siasa za kigeni zilizopenyezwa. Ni sehemu ya mtihani wa dhamiri.

Pili, soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Luka hatuambii ni nani aliyewachukia. Huenda hakuwepo hata mmoja. Utaratibu wenyewe ulikuwa unawaruka. Mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanawaza kupita kiasi. Waliita mkutano, wakasikiliza, wakabadilisha utaratibu, na watu saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kigiriki. Yaani kazi ilikabidhiwa kwa watu wanaofahamu machungu ya walioumizwa. Hilo ndilo lililofanyika kabla hata jina Wakristo halijaanza kutumika kule Antiokia.

Tatu ni hili, na ndilo gumu kwangu.

Nilimwandikia yule dada. Sikumtumia hoja. Nilimwomba msamaha kwamba alileta jeraha na mimi nikampa mhadhara, kisha nikamsimulia maisha ya Padri Gus. Alikaa siku tisa bila kujibu. Jibu lilipokuja lilikuwa refu, na kuhusu Tolton lilikuwa na mistari michache tu. Mengine yote yalikuwa kuhusu lile benchi: siku gani, wimbo gani ulikuwa unaimbwa, yule bibi aliyechukua mkoba wake akahama. Safari hii nilisoma mpaka mwisho kabla ya kugusa kitufe chochote. Mwishoni akaniuliza swali moja: kule kwenu seminarini, ni nani anayehamiwa benchi?

Nilitaka kujibu kwamba kwetu hakuna mambo hayo. Vidole vikakataa.

Katika seminari ndogo niliyosoma kulikuwa na mwenzetu anayetoka pembezoni mwa nchi, wa kabila ambalo sisi wengine tulizoea kulifanyia utani. Lafudhi yake ilituchekesha. Weusi wake ulikuwa umepita wetu, tukampa jina la utani kwa ajili hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolitumia sana. Tulisema ni utani, si unajua mambo ya bweni. Kidato cha tatu hakurudi. Nilijiambia hakuwa na wito, nikaendelea kusali masifu yangu vizuri kabisa.

Nimetafuta namba yake, nimempigia. Nilijitambulisha, akacheka kidogo, akanyamaza. Aliniambia kwamba aliacha kwa sababu kadhaa, karo ikiwemo, kwa hiyo nisijibebeshe yote. Halafu akanitajia lile jina la utani, na akataja mwingine aliyelianzisha, na siku lilipoanza. Miaka yote hii alikuwa anakumbuka. Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumbana.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, nisingependa umalize kusoma hapa ukiwahukumu Wakatoliki wa Missouri na Quincy, halafu ukalala usingizi mzuri. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wazazi waliochachamaa shuleni, tena bila hata kupaza sauti. Ukabila wetu, utani wetu wa rangi, majina tunayowapa wenzetu wenye ualbino, kwaya ambayo viongozi wake lazima watoke upande fulani: hivyo navyo ni mabenchi yetu.

Wiki hii, fanya jambo moja. Mtafute mtu mmoja katika jumuiya yako, kwaya au chuo ambaye unahisi huwa anarukwa. Mwulize anaionaje hali. Akianza kueleza, usijitetee, usimpe mhadhara, usimwambie kwamba anawaza kupita kiasi. Sikiliza mpaka mwisho. Kisha mjiulize pamoja ni utaratibu gani unaoweza kubadilishwa, hata kama ni mdogo.

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, ulimwita Padri Augustus kutoka utumwani, ukamsimamisha altareni. Tusamehe tulipowafungia wengine milango uliyoifungua wewe. Utupe masikio ya kuwasikia walioumizwa na wenzao wa imani, ulimi wa kusema kweli bila chuki, na moyo wa McGirr usiorudi nyuma kwa kuogopa watu. Uwafariji wanaokaa peke yao kwenye benchi. Na kama ni mapenzi yako, umjalie mtumishi wako Augustus kuhesabiwa kati ya watakatifu wako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.